Nani Anashika Ufunguo wa Bwawa?

Tarehe 14 Juni 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kwa kura tano dhidi ya nne. Mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, ulikuwa ukiendesha mabwawa matano ya umma ya kuogelea: manne ya Wazungu na moja la Weusi. Mwaka 1962 mahakama ya chini ilikuwa imesema kwamba kuwatenga watu kwa rangi katika huduma za mji ni kinyume cha katiba. Wakuu wa Jackson wakawafungulia Weusi bustani na viwanja vya gofu, lakini mabwawa wakayafunga kwa watu wote. Wakazi Weusi wakashtaki. Jaji Hugo Black, akiandika kwa niaba ya walio wengi, aliona kwamba mji haukuvunja katiba: ulikuwa umewanyima Wazungu na Weusi sawasawa, na hakuna sheria inayoulazimisha mji kuwa na bwawa.

Mwaka huohuo, mbali huko kaskazini, mwalimu wa hisabati Mweusi aitwaye Jim Ellis alianza kuwakusanya watoto katika bwawa la manispaa ya Philadelphia na kuwafanya timu ya kuogelea. Akaiita PDR, herufi za kwanza za jina la Kiingereza la idara ya burudani ya jiji hilo. Katika mchezo ambao Wamarekani wengi wakati ule waliamini si wa Weusi, ile ilikuwa timu ya watoto Weusi yenye kocha Mweusi.

Njia iliyofikisha watu kwenye matukio hayo mawili ina karne tano. Nimeifuata kituo kwa kituo kwa sababu ya mjadala wa huku kwetu. Kila chombo kinapozama, iwe Ziwa Victoria au mkondo wa Unguja na Pemba, tunakubaliana kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kisha tunauliza nani atatoa fedha. Historia ya Marekani inaonyesha kwamba liko swali linalotangulia fedha: bwawa ni la nani, na nani ana mamlaka ya kulifunga?

Mto Senegal, 1455

Kituo cha kwanza kiko Afrika Magharibi. Alvise Cadamosto, mfanyabiashara wa Venice aliyesafiri kwa idhini ya mwanamfalme Henry wa Ureno, alifika pwani ya Senegal mwaka 1455. Siku moja bahari ilichafuka naye yuko nchi kavu, akahitaji kupeleka barua kwenye meli yake iliyokuwa mbali na ufukwe. Wenyeji wawili walijitolea kuogelea. Mmoja hakufaulu. Wa pili aliyavuka mawimbi, akafikisha barua na kurudi na majibu. Cadamosto aliandika kwamba watu wa pwani ile ni waogeleaji hodari kuliko wote duniani. Mwaka 1602 Mholanzi Pieter de Marees naye aliwasifu watu wa Gold Coast, Ghana ya leo, kwa kuogelea na kupiga mbizi. Enzi hizo Wazungu wengi, mabaharia wakiwemo, hawakujua kuogelea hata kidogo.

Ujuzi huo ulivuka bahari pamoja na watumwa. Katika karne ya 16, Wahispania waliwatumia Waafrika kupiga mbizi kutafuta lulu kwenye visiwa vya Margarita na Cubagua, pwani ya Venezuela. Katika bahari ya Karibi walitumwa kuopoa mizigo na fedha kutoka kwenye meli zilizozama. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, ameonyesha jinsi utamaduni huo wa maji ulivyodumu kwenye mito na fukwe za Amerika wakati wote wa utumwa. Kwa hiyo anayedai kwamba Weusi wa Marekani hawaogelei kwa sababu ya asili yao ana kazi ya kuieleza hiyo karne ya 15. Kama kitu kilipotea, kilipotea baadaye sana, na waliokipoteza wana majina na tarehe.

Philadelphia, 1883

Twende sasa kwenye jiji la Jim Ellis, lakini miaka 88 kabla yake. Mwaka 1883 Philadelphia ilianza kujenga mabwawa ya umma katika mitaa ya maskini. Lengo lilikuwa usafi. Nyumba za vibarua hazikuwa na bafu, na wakubwa wa jiji waliona heri kuwaosha watu kwa wingi. Mwanahistoria Jeff Wiltse, aliyeandika historia ya mabwawa ya Marekani mwaka 2007, amegundua jambo ambalo wengi hawalitarajii: katika mabwawa yale ya mwanzo, kule kaskazini, vijana Weusi na Weupe wa mitaa ya kazi walioga pamoja. Kilichotenganishwa kilikuwa jinsia. Wanaume walikuwa na siku zao na wanawake zao, na matajiri hawakusogea hapo kabisa.

Mambo yaligeuka miaka ya 1920 na 1930. Miji ilishindana kujenga mabwawa makubwa ya starehe, yenye mchanga wa kuotea jua na nafasi ya maelfu ya watu, na mara hii wanaume na wanawake waliruhusiwa kuingia pamoja. Hapo ndipo ubaguzi wa rangi ulipoingia kwa nguvu. Wazungu wengi hawakuweza kuvumilia mwanamume Mweusi kuwa karibu na mwanamke Mweupe aliyevaa nguo za kuogelea. Ukuta wa jinsia uliondolewa, wa rangi ukajengwa mahali pake.

Pittsburgh ni mji aliozaliwa Ellis. Mwaka 1931 bwawa kubwa la Highland Park lilipofunguliwa huko, Weusi walidaiwa vyeti vya afya mlangoni, vyeti ambavyo Wazungu hawakudaiwa. Waliofanikiwa kuingia walipigwa na kuzamishwa mbele ya polisi.

St. Louis ilikuwa na bwawa la Fairground Park, lililofunguliwa mwaka 1913 na lenye nafasi ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Tarehe 21 Juni 1949 lilifunguliwa kwa watu wa rangi zote kwa mara ya kwanza. Umati wa Wazungu ulilizunguka, na jioni ukawashambulia watoto Weusi na yeyote Mweusi aliyepita karibu. Meya akarudisha ubaguzi siku iliyofuata. Mahakama ilipouondoa tena mwaka 1950, Wazungu walihama. Mwaka 1948 bwawa hilo lilikuwa limehesabu maingilio 313,000; kiangazi cha 1950 yalikuwa kama 60,000. Mwaka 1956 likafungwa.

Waliohama walikwenda wapi? Walichimba mabwawa yao. Katika vitongoji vipya vya Wazungu zilichipuka klabu za kuogelea za wanachama na mabwawa ya nyuma ya nyumba. Kwa mujibu wa Wiltse, mwaka 1950 nyumba kama 2,500 tu Marekani nzima zilikuwa na bwawa la kuchimbwa ardhini. Kufikia mwisho wa karne zilikuwa milioni nne. Katika klabu hizo ndimo mashindano ya watoto yalimolelewa, makocha wakaajiriwa, na mabingwa wakatoka. Kuogelea kukawa mchezo wa aliye na uanachama.

Walioachwa nje walikwenda mtoni. Mwaka 1953 huko Baltimore, mvulana Mweusi wa miaka 13 alizama katika mto Patapsco alipokuwa akiogelea na rafiki zake, kwa kuwa bwawa la bustani lilikuwa la Wazungu. Kifo hicho kiliwapa wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, nguvu ya kwenda mahakamani, na kufikia mwaka 1956 mabwawa ya Baltimore yalikuwa yamefunguliwa kwa wote. Huko Biloxi, Mississippi, daktari Gilbert Mason aliwaongoza watu kuingia baharini kwenye ufukwe waliokatazwa, kwanza mwaka 1959, kisha mwaka 1960, walipopokelewa kwa marungu na minyororo. Tarehe 18 Juni 1964, vijana Weusi na Weupe waliingia pamoja katika bwawa la hoteli ya Monson, mji wa St. Augustine, Florida. Meneja wa hoteli akamimina tindikali majini huku kamera zikipiga picha. Siku iliyofuata Baraza la Seneti lilipitisha muswada wa Sheria ya Haki za Raia.

Montgomery, 1959

Kituo hiki ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu hapa ndipo sadaka inapoingia, na inaingia upande usiotarajiwa.

Tarehe 1 Januari 1959, mji wa Montgomery, Alabama, ulifunga bustani zake zote ili usiwaruhusu Weusi kuingia. Wanyama wa bustani ya Oak Park waliuzwa, bwawa lake likafukiwa. Baada ya miaka michache bustani zilifunguliwa tena, lakini mabwawa ya umma hayakurudi. Hata hivyo watoto wa Kizungu waliendelea kujifunza kuogelea. Walijifunzia wapi? Katika majengo ya YMCA, chama cha hisani cha Kikristo kinachojulikana vizuri hata Nairobi na Dar es Salaam.

Ukweli ulitoka mahakamani. Mwaka 1969 wazazi wa wavulana wawili Weusi waliokataliwa katika kambi ya kiangazi ya YMCA ya Montgomery walifungua kesi, wakitetewa na wakili Morris Dees. Ushahidi ulionyesha kwamba tangu mwaka 1958 wakuu wa mji na YMCA hiyo walikuwa na makubaliano ya siri kuhusu kugawana shughuli za michezo na burudani. Mji ulijitoa, hisani ikajaza nafasi, na kwa kuwa hisani ni ya watu binafsi, ikajiona haibanwi na katiba. Mwaka 1970 Jaji Frank Johnson alikataa hoja hiyo: chama kilikuwa kinafanya kazi ya mji, kwa hiyo kilibanwa kama mji. YMCA ikaamriwa kuacha ubaguzi.

Jackson nako sura ilikuwa hiyohiyo. Bwawa la tano kati ya yale mabwawa matano, la Leavell Woods, mji ulikuwa umelikodi kutoka YMCA. Mji ulipoamua kufunga, ulivunja mkataba, na wenye bwawa wakaendelea kuliendesha kwa Wazungu peke yao.

Sisemi haya kuchafua jina la chama. YMCA za miji mingine zimefundisha watoto wa kila rangi kwa miongo mingi. Nasema ili tusidhani kwamba hisani ni njema kwa sababu ni hisani. Inayochukua mahali pa huduma ya umma bila kubeba wajibu wa umma inaweza kumwezesha mwenye mamlaka kukwepa watu wake. Ninapoona leo tangazo la mafunzo ya kuogelea ya msaada, jambo la kwanza ninalolitafuta ni masharti ya mlangoni.

Nicetown, miaka ya 1980

Mtaa wa Nicetown uko kaskazini mwa Philadelphia, sehemu ya viwanda vilivyofungwa na ajira zilizohama. Hapo jiji lilijenga kituo cha michezo kilichopewa jina la Marcus Foster, mwalimu aliyewahi kuinua shule moja ya sekondari ya mtaa huohuo, na ambaye aliuawa mwaka 1973 akiwa mkuu wa shule za Oakland, California. Ndani ya kituo kulikuwa na bwawa, na bwawa likawa nyumbani kwa timu ya PDR.

Ellis hakuwa na mfadhili mkubwa. Alikuwa na funguo za jengo la umma, mshahara wa manispaa, na ukaidi. Watoto walilipa kidogo au hawakulipa. Wazazi waliuza vyakula kuchangia nauli za mashindano. Gharama nyingi zilitoka mfukoni mwake. Mazoezi yalikuwa ya kila siku, na mtoto aliyeshuka darasani alijua kocha atamuuliza, maana kocha alikuwa mwalimu. Baadaye herufi PDR zikapewa maana nyingine ya Kiingereza: fahari, dhamira na ustahimilivu.

Walipokwenda kushindana katika vitongoji vya Wazungu, walitazamwa kama watu waliopotea njia. Kisha wakaanza kushinda. Kufikia miaka ya 1990, waogeleaji waliolelewa Nicetown walikuwa wakifika kwenye mchujo wa timu ya Olimpiki ya Marekani, hatua ambayo klabu nyingi zenye mabwawa ya maji yaliyopashwa joto na makocha watano hazijawahi kuifikia. Mwaka 2007 Hollywood ilitengeneza filamu ya Pride kuhusu Ellis, akiigizwa na Terrence Howard.

Turudi nyuma kidogo, miaka ya 1980: Wamarekani walikuwa bado wanabishana kama miili ya Weusi inaweza kuelea. Aprili 1987, Al Campanis, kiongozi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, alisema kwenye televisheni ya taifa kwamba Weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu hawaelei. Alipoteza kazi ndani ya siku mbili. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Seoul, Anthony Nesty wa Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 mtindo wa kipepeo kwa sekunde 53.00 dhidi ya 53.01. Sehemu moja ya mia ya sekunde ilimfanya mwanamume wa kwanza Mweusi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea. Mwaka 2024, huko Paris, Nesty huyohuyo alikuwa kocha mkuu wa wanaume wa Marekani.

Habari ya Nicetown haikuishia kwenye filamu. Bwawa la Marcus Foster liliharibika na kufungwa, na timu iliyotengenezewa sinema ikakosa maji. Kilichowaokoa kilikuwa wosia. Joan Kroc, mjane wa Ray Kroc aliyeikuza biashara ya McDonald's, alifariki Oktoba 2003 na kuliachia Jeshi la Wokovu zaidi ya dola bilioni 1.5 ili lijenge vituo vya jamii katika mitaa isiyo na huduma. Sharti lake lilikuwa la mtu anayejua jinsi majengo yanavyokufa: nusu ya fedha iende kwenye ujenzi, nusu iwekwe akiba, na faida yake isaidie kuendesha kituo miaka yote. Jamii ya mahali pia ilitakiwa kuchangisha sehemu yake. Philadelphia ilipata kituo chake mwaka 2010, karibu na Nicetown, kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha mabehewa cha Budd. Ellis akahamia huko na timu yake.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya zawadi mbili. Zawadi ya picha hujenga bwawa, hukata utepe, na kuondoka. Miaka mitatu baadaye pampu imeharibika, klorini imekwisha, mlinzi wa maji hajalipwa, na shimo limejaa vyura. Zawadi ya Joan Kroc ililipia bili za umeme za miaka ambayo mwenyewe hatakuwepo. Bwawa hugharimu zaidi kuliendesha kuliko kulichimba, na mfadhili asiyelijua hilo anawajengea watu deni.

Mto Red, 2010

Tarehe 2 Agosti 2010, karibu na mji wa Shreveport, Louisiana, familia za Weusi zilikwenda kupumzika ufukweni mwa mto Red. Kijana mmoja aliteleza kwenye kina. Mwenzake akaingia kumwokoa, naye akazama. Akaingia mwingine, na mwingine. Vijana sita wa familia mbili walikufa. Jamaa zao walisimama kwenye mchanga wakipiga kelele, kwa maana hakuna mtu mzima kati yao aliyejua kuogelea.

Wakati msiba huo unatokea, shirika la USA Swimming Foundation lilikuwa na mpango wa Make a Splash ulioanza mwaka 2007: fedha za michango hupelekwa kwa walimu wa kuogelea wa mitaani ili watoto wa familia zisizo na uwezo wafundishwe bure au kwa ada ndogo. Shirika hilo lilifadhili pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya watoto Weusi wa Marekani hawakujua kuogelea au walijua kidogo mno, wakati kwa watoto wa Kizungu ilikuwa asilimia 40. Utafiti uliorudiwa mwaka 2017 ulikuta asilimia 64 kwa watoto Weusi. Takwimu iliyonishika zaidi ni nyingine: mzazi asipojua kuogelea, uwezekano wa mtoto wake kujifunza ni asilimia 19 tu.

Takwimu hiyo ndiyo njia yote tuliyopita, imeandikwa kwa nambari. Bibi alipigwa mlangoni mwaka 1931. Mama akakatazwa kusogelea maji, kwa woga wa bibi. Mtoto akakua bila bwawa, kwa sababu lilikwishafukiwa. Sheria ya ubaguzi ikafutwa, woga ukabaki kwenye familia ukirithishwa. Hukumu ya mahakama hufungua mlango kwa siku moja; kumshawishi mama aliyelelewa akiogopa maji huchukua muda mrefu, na kazi hiyo hufanywa na mwalimu wa mtaani anayemjua kwa jina.

Cullen Jones alijua hilo. Alizaliwa New York mwaka 1984, akakulia Irvington, New Jersey. Akiwa na miaka mitano alikaribia kufa maji katika bustani ya michezo ya majini huko Pennsylvania. Mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kuogelea, angeweza kumkataza maji maisha yake yote. Badala yake alimpeleka kwa mwalimu. Mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, Jones alishinda dhahabu katika timu ya Marekani ya kupokezana mita 400 mtindo huru, kisha akawa msemaji wa Make a Splash na kuzunguka miji akifundisha watoto na, zaidi, kuzungumza na wazazi.

Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, Simone Manuel wa Texas aligusa ukuta wa mita 100 mtindo huru kwa sekunde 52.70, sawasawa na Penny Oleksiak wa Kanada. Wote wawili walipewa dhahabu, na Manuel akawa mwanamke wa kwanza Mweusi wa Marekani kushinda dhahabu ya mtu binafsi katika kuogelea. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya mgusano ule kuna mwogeleaji Maritza Correia na medali yake ya fedha ya Athens 2004, kuna Jones, kuna Ellis na watoto wake waliopanda basi kwenda kushindana na watu wasiowataka. Hakuna mfadhili aliyekwenda kumtafuta bingwa mmoja kati ya milioni. Maelfu walitiwa majini, na maelfu ndiyo humtoa mmoja.

Nungwi, Ukara na Mwanza

Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, si mbali na Nungwi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafa huku waliosimama nchi kavu wakiwaona. Meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, haijasahaulika Mwanza. Katika misiba hiyo, kuogelea peke yake kusingewaokoa wote: kupakia kupita kiasi hakutibiwi kwa mafunzo ya kupiga miguu. Lakini mita chache kutoka gatini, anayejua kuelea ana dakika ambazo asiyejua hana.

Kwetu hapakuwa na hukumu za rangi za mabwawa kama za Jackson, ila ufunguo nao una mwenyewe. Mabwawa yetu mengi yako hotelini, kwenye klabu na katika shule za ada kubwa, na waogeleaji wengi wanaotuwakilisha hutoka humo. Mtoto wa mvuvi anaishi hatua ishirini kutoka majini, na hakuna aliyeajiriwa kumfundisha. Kwa wasichana wa Unguja upo mlango mwingine, wa stara. Kaskazini mwa kisiwa, Mradi wa Panje uliufungua kwa kuheshimu mlango huo: wanawake wakafundishwa na wanawake, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Picha za Anna Boyiazis za mafunzo hayo zilitunukiwa katika World Press Photo mwaka 2018, lakini kwangu uzito uko kwenye mpangilio wake: aliyejifunza ndiye anakuwa mwalimu wa anayefuata.

Mwanza, shirika la EMEDO limekuwa likifanya kazi ya kuzuia kufa maji katika jamii za wavuvi, likishirikiana na RNLI ya Uingereza, chama cha uokoaji baharini kilichoanzishwa mwaka 1824 na kinachoendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Na kwa anayesema kwamba bila bwawa la vigae hakuna mafunzo, kuna Bangladesh. Mpango wa SwimSafe huko uliwafundisha watoto kwenye madimbwi ya vijijini yaliyowekewa vichanja vya mianzi, walimu wakiwa vijana wa kijiji hichohicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliopita katika mafunzo hayo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Vichanja vile vilikuwa vya mafundi wa kijiji, na dimbwi lilikuwa la kijiji. Hakukuwa na meneja wa kumwaga tindikali wala baraza la mji la kufukia.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akija na hundi akitaka kukuza vipaji vya kuogelea, tusianze na saa ya kupimia kasi. Tumwonyeshe dimbwi, ghuba au bwawa ambalo halmashauri au kijiji kimekubali kwa maandishi kwamba litakuwa wazi kwa kila mtoto. Tumwombe alipe mshahara wa mwalimu wa kike na wa kiume kwa miaka kumi, na atuachie akiba ya matengenezo. Akikataa, akitaka vijana wanne tu wa kupeleka mashindanoni, tumshukuru kwa nia yake na kumwambia kwamba wanne hao hatujui ni akina nani, na hatutajua mpaka wenzao wote wa darasa la tatu wawe wameingia majini.